Tofali Halilii

Jumapili moja mwezi uliopita nilimkamata mtoto wa watu miguu yote miwili nikamburuta kutoka chini ya gari lake mwenyewe. Ni kijana mpangaji wa nyumba ya mbele, hapa Nyahanga, Kahama, mpole, ananipa shikamoo yangu kila asubuhi bila kukosa. Alikuwa ameliinua gari uani, akalikalisha juu ya matofali ya kuchoma manne huku na manne kule, akaingia chini na spana yake, anapiga mluzi. Nilikuwa natoka kanisani. Nilipoona ile miguu na yale matofali nilitupa Biblia chini, nikapiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akatoka na mwiko mkononi. Kijana akainuka na vumbi mgongoni, ananishangaa. "Mama, ni dakika tano tu," akasema. Nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, kwamba hata aliyemzaa baba yangu angekuwa na dakika tano asingezitumia pale. Sentensi yenyewe haina kichwa wala miguu, najua. Nikaingia ndani nikalia.

Nikuambie, ndugu yangu, maana nimekaa nalo hili tangu nina miaka tisa na limenichosha.

Nimekulia Kalangalala, Geita, enzi ambazo karasha za kusagia mawe ya dhahabu zilinguruma mchana kutwa hata ukasahau kwamba zipo, mpaka zinapozimwa na masikio yanabaki yanawasha. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, mabati juu, na jiko la udongo kwa nyuma. Baba alikuwa mchimbaji. Mwaka mmoja duara lao, shimo walilochimba kwa ubia, lilitema dhahabu kidogo, akanunua pikapu ya bluu, akaapa hashuki tena shimoni, kazi yake sasa ni kubeba mizigo ya watu kwenda mnadani. Mama alisema ile pikapu ina mapepo. Wiki inatembea, wiki inalala. Gereji hatukuwa na uwezo wa kwenda kila mara, hivyo Baba akawa fundi wa lazima, na ua wetu ukawa gereji.

Lakini fundi gani yule! Alikuwa mwoga wa gari kama mtu anavyoogopa ng'ombe mkali. Kwanza alitafuta ardhi ngumu, na ardhi ngumu kuliko yote uani ilikuwa pale pale Mama alipoanikia michembe ya viazi vitamu, kwa hiyo kila matengenezo yalianza na ugomvi. Michembe ikihamishwa, inaletwa pikapu, inasukumiwa mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Kisha jeki. Jeki yenyewe ilikuwa kuukuu, inavuja, na Baba hakuiamini hata sekunde moja. "Jeki inainua, haibebi," alikuwa akisema. Kazi ya kubeba ilikuwa ya matimba.

Matimba ni magogo ambayo wachimbaji wanayapanga kushikilia kuta za shimo zisiwaangukie. Baba alipoacha shimo alikuja nayo kumi na mbili nyumbani. Rafiki yake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ambaye walichimba wote miaka mingi, aliyachonga kwa panga kila ncha, mapengo ya kukaliana. Mawili yanalazwa hivi, mawili yanakatiza juu yake, mawili tena, mpaka unapata rundo lisilotikisika. Rundo moja kulia, moja kushoto, na tairi la akiba linalazwa chini ya chesisi, ikiwa Mungu atakataa. Halafu wale wanaume wawili wanalisukuma gari kwa mabega yao, kwa nguvu, kama vile wanaligombeza. Lisipocheza, ndipo Baba anaingia chini. Jirani alikuwa akimtania, "Wewe unalaza gari utadhani unamlaza bibi harusi!" Baba anacheka lakini haruki hatua hata moja.

Na mimi nilikuwa na kazi. Usidhani nilikuwa wa kushika taa na kuleta spana, hapana. Mimi nilikuwa msikilizaji. Nilikaa chini, nikaweka sikio juu ya gogo, nikanyamaza. Kwa sababu mti unalia kabla haujavunjika. Shimoni ndivyo wanavyopona: timba likianza kulia, kila mtu anakimbilia kamba. "Mti una huruma, unakuaga," Baba alinifundisha. "Jiwe halilii. Tofali halilii. Linanyamaza, linanyamaza, halafu basi." Kila baada ya muda aliniuliza kutoka chini kule, "Linasemaje?" Nami najibu, "Limenyamaza, baba." Harufu ya grisi, harufu ya udongo uliolowa dizeli, sikio langu linawasha kwa maganda ya mti. Sijawahi kujiona mtu wa maana kama nilivyojiona pale.

Basi ikaja ile masika. Mvua ilinyesha wiki nzima, kuni zikalowa zote, hata zile za ndani zikawa zinatoa povu motoni. Mama alikwenda kupalilia mpunga, akaniachia kupika michembe kwa karanga, na michembe inataka moto wa kweli, si moto wa kubembeleza. Nilipuliza mpaka macho yakavimba. Saa zinakwenda, chungu kimepoa, na Mama yangu akitoka shamba na njaa hakuwa mtu wa kuchezewa. Nikayaona matimba yamepangwa chini ya upenu, makavu, yananitazama. Nikachukua moja. Nikaisukuma ncha yake kati ya mafiga, likashika moto mara moja, moto mzuri, wa utulivu. Niliona nimeokoka. Yalikuwa kumi na mbili, nani angehesabu?

Jioni Baba alikula akaramba vidole, akamwambia Mama, "Leo mtoto wako kaivisha." Alikula chakula kilichopikwa kwa gogo lake mwenyewe akanisifu. Mimi nikatazama chini. Kipande kilichobaki, chenye lile pengo la panga, nilikizika kwenye majivu nyuma ya jiko.

Jumamosi pikapu ikagoma. Giaboksi, na Jumatatu alikuwa ameshawaahidi watu kubeba mahindi yao. Akainua kwa jeki, akaanza kupanga, akafika juu akakuta magogo kumi na moja. Akazunguka nyumba. Akaniita. "Gogo moja liko wapi?"

Hapa ndipo ninaporudi kila siku ya maisha yangu. Ningesema nimelichoma, ningechapwa viboko vitatu, na yeye angekwenda kutafuta gogo jingine, maana Baba hakuwa mtu wa kuruka hatua. Mimi nikasema, "Jirani alikuja akalichukua." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, baba, nilimwona. Jirani siku hiyo alikuwa shimoni, harudi mpaka jioni. Baba akatazama mawingu, akasema basi, akirudi atalileta, tubadilishe. Akaokota matofali mawili, akaziba pengo. "Kwa muda tu," akasema. Yaani aliyaweka kwa sababu aliamini gogo lipo, linakuja. Angejua halipo asingeyaweka. Na rafiki wa kumsaidia kulisukuma gari hakuwepo, akalisukuma peke yake, likatulia, akaingia.

Nikakaa mahali pangu, nikaweka sikio. Akafungua nati, akaniuliza, "Linasemaje?" Nikasema, "Limenyamaza, baba."

Na kweli lilikuwa limenyamaza. Sikudanganya hapo. Kilichofuata ni sauti ndogo tu, ya kitu kikavu kupasuka, na gari likalala upande wake wa kushoto, upande Baba alikolaza kichwa. Lile tairi la akiba alikuwa amelisogeza kidogo apate nafasi ya giaboksi. Watu walikuja wakaliinua kwa mikono, wanaume kumi, lakini ilikuwa imekwisha.

Jirani alifika jioni akiwa bado na tope la shimoni, anakimbia. Mama akamvaa pale pale mlangoni, akamshika shati. "Gogo la mume wangu liko wapi?" Yeye akasema, "Shemeji, gogo gani? Sijachukua gogo." Mama akasema mtoto alikuona. Jirani akanigeukia. Mimi nilikuwa nimekaa na bibi mzaa baba, kichwa changu mapajani mwake, na bibi ananipapasa, "Ng'wanawane, ng'wanawane," mwanangu, mwanangu. Sikunyanyua uso.

Akakana siku ile, akakana kesho yake asubuhi. Lakini siku ya mazishi, watu wamekaa, akasimama mwenyewe bila kuitwa. Akasema, "Gogo nilichukua mimi. Nisameheni." Akakaa. Nilishtuka kuliko wote waliokuwapo. Nikawaza kitoto, labda kweli naye alichukua jingine, labda mimi nimeota. Mtoto akipewa mlango wa kutokea, anatoka. Nikatoka.

Baada ya hapo jirani hakuwa na maisha Kalangalala. Watu walimwita mla rafiki. Akahama na mkewe, wakaenda upande mwingine wa mji. Sisi mjomba alituleta hapa Kahama. Mama akawa anamlaani kila Jumamosi, kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayesema sala. Nikakua, nikaolewa, nikazaa wawili, nasikia zile laana, nakoroga uji. Na miaka michache iliyopita habari zikaja kwamba yule mzee amefariki. Ndugu wakasema twende, ni jirani yetu wa zamani, kuzika ni wajibu. Mama akasema, "Akazikwe na gogo lake." Hakwenda. Nilikuwa nimekaa naye, nachambua mchele, mtu mzima na akili zangu. Nikaendelea kuchambua mchele. Uoga wa mtoto nauelewa. Huu wa mchele siuelewi mpaka leo, na sitaki mtu aniambie ni kitu kidogo.

Ndiyo maana baada ya kumburuta yule kijana sikulala, na siku iliyofuata nikapanda basi kwenda Geita. Mjane wa jirani nilimpata kwa kuulizia. Mwanamke mwembamba, ana bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, alikuwa anamwagilia kwa kopo. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha kwa jina la baba yangu. Akaitikia marahaba, akaweka kopo chini. Nikasema, "Mama, nimekuja, kuna jambo nataka kulisema." Akasema, "Kama ni la gogo, mwanangu, kunywa chai kwanza."

Nilikaa chini pale pale kwenye matuta.

Akanieleza huku anamimina chai, sauti yake ya kawaida tu. Siku ya mazishi mumewe alitumwa achukue makaa kwa ajili ya moto wa wanaume. Akachokora majivu nyuma ya jiko letu, akakuta kipande cha gogo kimeungua, kina pengo la panga lake mwenyewe, alilolichonga kwa mkono wake. Akaelewa yote. Akakiweka ndani ya moto akasimama pale mpaka kikaisha, halafu ndipo akaenda kusimama mbele za watu. Mkewe alimgombeza miaka na miaka. Alimwambia jisafishe, sema, watoto wetu wanaitwa majina shuleni kwa ajili yako. Yeye alimjibu jambo moja tu, kwamba mtoto wa rafiki yake ameshapoteza baba, sasa apoteze na mama? "Mimi nilimchukia kwa hilo," mjane akaniambia. "Na wewe nilikuchukia, sikufichi." Akanisogezea sukari.

Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na uso wa kumdai.

Nikapita Kalangalala kabla ya kurudi. Nyumba yetu haipo, pale uani pamesimama fremu za maduka, wanauza simu na nywele bandia. Hakuna ardhi ngumu, yote ni sakafu. Wachimbaji niliowauliza njia ni vijana, hakuna hata mmoja aliyemjua mtu yeyote niliyemtaja. Watu wale wawili walioweza kulala chini ya gari kwa kuaminiana, hata pa kuonyesha kwamba walikuwepo hamna. Tunaowajua wote wawili tumebaki mimi, Mama, na yule mjane.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, nikamkuta Mama kitandani kwake, miguu inamsumbua siku hizi. Nikapiga magoti nikamweleza, kuanzia kuni zilizolowa mpaka yale makaa. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa kufukuzwa kwenye nyumba ninayolipia kodi mwenyewe. Hakunipiga, hakulia. Alikaa anaviringisha pindo la kanga yake, mpaka nikaogopa.

Halafu akasema, "Kumbe nimekataa kumzika mtu wa watu."

Akaniambia nimtafutie viatu. Nikamwambia mama, mabasi ya Geita yameisha saa hizi, tutakwenda kesho, nitakodi gari. Akasema sikukuuliza habari ya mabasi. Nikamvisha, mguu mmoja, na wa pili, umevimba, ukaingia kwa shida. Akashika ukuta akatoka mwenyewe, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, ameangalia barabara. Nilimwita aje kula, hakuja. Nilimwomba avue viatu angalau miguu ipumzike, akakataa.