Mlishaji na Farasi Aliyesusa

Katika zizi la farasi magharibi mwa Sydney, mlishaji huchanganya chakula kwa mikono mitupu. Hulowesha pumba, akanyunyiza unga wa virutubisho vya kuimarisha mifupa na kwato, akatia molasi ya kuficha uchungu wake, kisha huonja mwenyewe kabla ya kumsogezea farasi ndoo. Kwao Burundi, mwenye kukaribisha ndiye anayeonja kwanza, naye haoni kwa nini mgeni mwenye miguu minne anyimwe heshima hiyo. "Mzee, utaota mkia," humtania Lyse, mwenzake wa kazi. Naye hujibu kwa sauti ya chini, akilamba kidole: "Ukiota, nitafukuzia nzi."

Asubuhi hii Lyse hakutania. Farasi jike aliyeumia mguu wa mbele alikuwa amesusa chakula tangu juzi, na daktari wa mifugo alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. "Asipokula sasa, nitamdunga sindano ya mwisho; sitamwacha aendelee kuteseka," alisema. Farasi aliugeukia ukuta. Lyse alidhani mlishaji angesihi. Hakusihi. Aliketi juu ya majani makavu, akampa farasi mgongo, akapakata ndoo, akaanza kula. Safari hii hakuonja, alikula hasa, konzi baada ya konzi, akitafuna kwa kelele isiyo na adabu. Nyuma yake kwato iligusa sakafu, ikasita, ikagusa tena. Pua yenye joto ikapita juu ya bega lake na kuzama ndoani. Daktari akauweka mkoba chini bila kuufungua. Mlishaji alibaki na tonge kinywani, mashavu yametuna, asithubutu kumeza.