Mafuta Yasiyonuka

Chai ikishakauka inavuta harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo. Ilaze kando ya kitunguu, kesho utakunywa kitunguu. Naanza na hili ili nyapara wetu asionekane mtu mbaya. Nimewahi kuisimulia habari hii bila kutaja chai kwanza, na kila mara alitoka mbaya kuliko alivyokuwa.

Tulikuwa wanawake wa banda la kuchambua, katika kiwanda cha shamba moja upande wa Kericho, miaka ile michai yenyewe ilikuwa bado michanga. Kazi yetu ilikuwa kukaa kwenye meza ndefu na kutoa vijiti katika majani makavu. Kushoto kwangu alikaa mama mmoja wa kutoka ziwani, ambaye mumewe alikuwa akipasua kuni za kiwanda. Kulia alikaa mwingine wa Kisii, aliyekuja kwa miguu kupitia Sotik. Mimi ni mwenyeji, Mkipsigis wa upande wa Sosiot. Nilisoma misheni mpaka nikajua kuandika barua, na hapo masomo yangu yakakoma.

Kila mmoja alikuwa na mafuta yake ya kichwa. Mimi nilipaka siagi ya mama yangu. Yule wa ziwani alipaka samli. Wa Kisii alichanganya siagi na majani fulani ambayo hakutaka kututajia.

"Leo ng'ombe wamewahi kazini," wa Kisii alikuwa akisema nikikaa tu.

"Na wewe umebeba kichaka kizima," nikimjibu.

"Chambueni vijiti, kina mama," wa ziwani akisema. "Samli yangu peke yake ndiyo ina adabu."

Kumbe tulikuwa tukichekea kitu kilichokuwa kinaingia ndani ya masanduku. Siku moja Bwana wa kiwanda alionja chai iliyotoka mezani kwetu, akaitema. Nyapara akaja akasimama mlangoni.

"Kuanzia Jumatatu, kichwa chenye mafuta hakiingii humu."

"Baba, ngozi si itapasuka?" aliuliza wa Kisii.

"Ipasukie nje ya banda."

Wengine walicheka. Mimi sikuona shida kubwa. Mama yangu alinyoa maisha yake yote, na kwetu kichwa cha mama mzima kikinyolewa vizuri na kung'aa ndiyo urembo wenyewe. Ni sisi wasichana wa misheni tulioanza kufuga nywele. Kwa hiyo nilimgeukia jirani yangu wa ziwani, nikidhani namsaidia.

"Dada, si unyoe tu? Wembe ninao. Jioni nitakunyoa, kesho kichwa kitang'aa kama sufuria mpya."

Aliweka chini vijiti alivyoshika. "Mzee wangu amekufa lini?"

"Sijasema amekufa."

"Sasa mbona unataka kuninyoa?"

Wa Kisii alinivuta kando na kunieleza kwamba kwa wale wa ziwani mwanamke hunyolewa akifiwa na mume. Nilikuwa nimekaa kando ya huyu mama msimu mzima na sikujua. Siku hiyo hakunisemesha tena.

Wiki ilipoanza bila mafuta, mimi niliwashwa kidogo tu. Mama wa ziwani alikuwa na ugonjwa wa ngozi ya kichwa ambao samli ilikuwa imeutuliza muda wote huo. Ngozi ikapasuka, ikaanza kutoa magamba, na magamba yakaanguka mezani juu ya chai. Nyapara aliona. Alikuwa mtu wa ziwani pia, na mume wa mama huyo alimwita ndugu.

"Shemeji," alisema, "ama unyoe, ama ukae nyumbani. Nakupa mpaka Jumamosi."

Kusema haki, alisema kwa sauti ya chini na hakumtazama usoni. Alijua anachomwomba. Lakini hapakuwa na nyumbani pa kukaa. Katika kambi ile mwanamke asiye na kazi hakuruhusiwa kulala, hata kama mumewe alikuwa na chumba. Akitolewa bandani, angerudi ziwani na kumwacha mumewe hapa.

Niliamua kutafuta mafuta ambayo hayanuki. Sijui kama ni huruma ilinituma au ni aibu ya ule wembe. Labda vyote viwili. Mbarika ilimea nyuma ya kambi bila kupandwa. Mama yangu alizoea kukaanga mbegu zake kabla ya kuzitwanga, na ndiyo maana mafuta yake yalinuka moshi. Mimi nilizitwanga mbichi, nikazichemsha kwa maji, nikaengua mafuta yaliyoelea na kuyarudisha motoni mpaka maji yote yakauke. Nikayatia kwenye kibuyu. Binti wa kwetu angetia mafuta wapi kwingine?

Asubuhi nilinusa, sikusikia kitu. Nikafurahi, nikakibeba kibuyu mpaka kazini kabla kengele haijalia.

Wa Kisii alinusa akarudisha kichwa nyuma. "Mama wee! Hii ni mursik!"

"Mursik gani? Hayanuki kabisa."

"Hayanuki kwako, wewe uliyenyonya kibuyu!"

Aliyamimina kidogo kiganjani: yalikuwa ya kijivu. Vibuyu vyetu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, tunavisugua ndani kwa kaa la mti wa senetwet, na yale mafuta yalikuwa yamelikomba kaa lote, pamoja na maziwa ya miaka. Pua yangu haikuisikia harufu ile kwa sababu ndiyo harufu ya nyumba niliyozaliwa. Mama wa ziwani alicheka, mara ya kwanza tangu ule wembe. Nilikubali anicheke.

Nilitwanga upya. Safari hii niliomba chupa kwa Mhindi wa duka, nikaiosha kwa majivu na maji ya moto. Lakini pua yangu sikuiamini tena, na ya nyapara sikuiamini pia, maana mtu akishaambiwa kuna mafuta atayasikia tu. Nikafikiri: mwenye kuamua hapa ni chai. Basi iulizwe chai.

Nilichukua makopo matatu na chai iliyofagiwa chini ya mashine. Kopo moja nilitia kitambaa chenye siagi, la pili kitambaa chenye mbarika, la tatu kitambaa kikavu. Nikayafunga mpaka kesho yake, Ijumaa. Wa Kisii ndiye aliyepika na kumimina vikombe, nje, mimi nikiwa nimegeuka, ili nisimwonyeshe nyapara kwa macho. Nyapara alikubali kuonja. Angeweza kukataa, na lazima niliandike hilo.

Kikombe cha kwanza alikitema. "Zizi la ng'ombe."

Akanywa cha pili, akanywa cha tatu, akarudia cha pili. Mama wa ziwani alikuwa ameshika fundo la kitambaa chake cha kichwa.

"Hiki ndicho cha mafuta," nyapara alisema mwishowe, akiinua cha tatu. "Nimekikamata."

Wa Kisii aliziba mdomo. "Baba, hicho ni cha kitambaa kikavu."

Nyapara alikitazama kikombe. Hatukumcheka, angalau si mbele yake, na mimi sina haki ya kumcheka, maana nilipoonja sikujua cha pili ni kipi wala cha tatu ni kipi.

"Kidogo tu," alisema. "Na kitambaa juu, kifungwe vizuri. Nikisikia siagi hapa, wote mtatoka."

Mafuta yale hayakupendwa na wote. Baadhi ya wenzetu walisema yananata, na mama yangu alipoyaona alisema mafuta yasiyonuka ni kama mtu asiye na kwao. Sikumbishia. Mimi mwenyewe Jumapili nilirudia siagi.

Jioni ile ya Ijumaa jirani yangu alikaa kwenye kigogo mlangoni pake, akafungua kitambaa, akaniinamishia kichwa. Nilimpaka polepole, nikipita kando ya mipasuko. Mumewe alikuja kutoka kwenye kuni, akasimama kututazama.

"Msalimie mzee wangu," jirani yangu aliniambia akiwa ameinama. "Ndiye yule uliyetaka kumzika kwa wembe."