Filamu Nilizotazama na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliteleza akavunjika mguu nyumbani kwake Bondo, akafungwa plasta, na mume wangu akamleta kwetu Nyamasaria apone. Mume wangu hushinda kazini. Mimi nashona nguo nyumbani. Basi tulibaki wawili, yeye kwenye kochi, mimi kwenye cherehani, na mazungumzo yetu yalikuwa salamu na chai tu. Kimya kilipozidi, niliwasha televisheni.

Tulianza na filamu ya Kihindi, ndefu kupita kiasi. Watu wanaimba mvuani na hakuna anayeshikwa na homa. Lakini mama mmoja anapoliona kovu la kijana na kumtambua kuwa ni mwanawe aliyepotea, anakaa tu chini mavumbini. Nilisimamisha cherehani. "Huyo amezaa kweli," mama mkwe akasema. "Hiyo si kuigiza."

Ya Kichina, ya mpishi mzee anayewapiga majambazi kwa kigoda, nilidhani ataniambia nizime. Alitaka irudiwe. Hata mimi niliistahi: kamera inatulia, miguu yote inaonekana, unajua nani kampiga nani. Ile ya vita vya angani, yenye milipuko tangu mwanzo, yeye alilala na mimi nikarudi kwa nguo zangu.

Kisha nikaweka ya Kinaijeria bila kujua inahusu nini. Kumbe ni ya mama mkwe anayemtilia mke wa mwanawe dawa kwenye supu! Nilinyoosha mkono nichukue rimoti. Alikuwa ameishika.

"Wacha," akasema. "Nataka kuona mwisho wake."

Sauti ilikuwa mbovu, lakini yule mwigizaji alikuwa na macho ya kutisha. Akitabasamu unaogopa zaidi. Mwisho ulipofika, mama mkwe wangu alitikisa kichwa. "Mjinga huyo. Akimuua msichana, nani atamletea uji akivunjika mguu?"

Nilicheka hadi nikajichoma sindano. Naye akacheka. Tangu siku hiyo tukaanza kuzungumza.

Lakini filamu niliyoipenda kuliko zote ni fupi, ya vijana wa hapahapa Kisumu, kuhusu mjane anayeanika omena ufuoni. Anainama, anatandaza samaki, anainuka, anainama tena. Maneno ni machache, yote ya Kijaluo. Ilipokwisha, mama mkwe alikuwa akijifuta macho kwa leso.

"Baba yao alipokufa nilikuwa nainama hivyo," akasema. "Ukiinama, watoto hawaoni uso wako."

Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia habari hiyo. Niliacha kazi, nikaketi kando yake, akanisimulia hadi jioni.

Plasta ilipotolewa nilimpeleka sinema mjini. Hakuwa amewahi kuingia. Alinishika mkono gizani, tukatazama katuni ya kuku anayetaka kujifunza kuogelea. Kuku alipojitosa majini, mama mkwe alipaza sauti, "Rudi, utazama!" Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka kuwashinda wote.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi, na rangi zilikuwa kali mno. Bado nawasifia watu wote filamu ile.

"Kuku hawezi kuogelea," aliniambia tukitoka, akiegemea bega langu. "Lakini yule nimempenda. Jumamosi tuje tena."