Weusi Sita wa Hiltrud

Ewald Kaczmarek alipomwacha mkewe baada ya miaka kumi na tisa, alimwachia mapazia, paka mwenye kikohozi, na sharti moja. Sungura wao kumi na wawili wangegawanywa nusu kwa nusu mbele ya mwenyekiti wa chama cha wafugaji, na yeye Ewald ndiye angechagua sita wake kwanza. Ufugaji, alisema, unataka akili. Yeye akahamia kwa Marlies, mwenye kioski cha bia na magazeti karibu na lango la mgodi, mwanamke aliyecheka kila Ewald alipofungua kinywa, hata alipouliza saa.

Mtaa mzima wa wachimba makaa katika mji wa Wanne ulijua habari hiyo kabla ya Hiltrud. Ndivyo ilivyo. Mke huwa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kulaumiwa.

Hiltrud hakusoma. Shule yao ilipigwa bomu akiwa darasa la tatu, na vita vilipokwisha alikuwa mkubwa wa kutosha kufua nguo za watu. Lakini baba yake, aliyefuga sungura nyuma ya nyumba kama kila mchimba makaa, alimfundisha rangi zao kwa vifungo vya nguo, juu ya meza ya jikoni. Kila sungura, alimwambia, ana vifungo viwili kwa kila jambo la manyoya yake, kimoja kutoka kwa mama, kimoja kutoka kwa baba. Kimoja hukaa juu, watu wakakiona. Kingine hulala chini yake kimya, na kulala si kufa.

Ewald alitaka rangi ya kifua cha njiwa, kijivu chenye uwaridi kwa mbali. Mtaani hakuna aliyekuwa nayo, na waliokuwa nayo mbali huko hawakuuza jozi. Basi akafikiri sungura ni kama rangi ya ukuta, unachanganya tu. Majira ya kuchipua ya mwaka ule wa sabini na nne alimpandisha jike wa kahawia kwa dume wa buluu, akangoja kijivu. Wakazaliwa sita, wote weusi tititi.

"Ewald!" walimcheka chamani. "Sisi tunayafuata makaa chini ya ardhi, wewe unayazalisha juu!"

Tangu siku hiyo akawaita weusi wale "nyama ya chungu", wa kuokwa Krismasi pamoja na kabichi nyekundu.

Hiltrud alipanga vifungo vyake mezani, akaona lililotokea. Buluu ni weusi uliofifia: amekosa nguvu ya rangi. Kahawia ana nguvu, ila amekosa weusi wenyewe. Walipokutana, kila mmoja alifunika pengo la mwenzake, watoto wakatoka weusi kamili. Lakini mapengo yote mawili yalikuwa ndani yao wote sita, yamelala. Ukimpandisha mweusi kwa ndugu yake, katika vitoto kumi na sita huenda kimoja kikapokea mapengo yote mawili kutoka pande zote mbili. Hicho ndicho kingekuwa na rangi ya njiwa.

Alimwambia mumewe.

"Vifungo?" alisema Ewald. "Nishonee suruali, Hilde."

Hakumwambia tena.

Siku ya kugawana, mwenyekiti Alfons Twardy alikuja na kofia yake ya sherehe. Kulikuwa na watatu wa buluu, watatu wa kahawia, na wale weusi, majike watano na dume mmoja. Hiltrud alijua kila kitu kimesimama juu ya dume yule. Ewald akimchukua, yamekwisha.

Alfons, kama desturi yake, aliwapulizia manyoya mmoja mmoja ili aone rangi ya chini. Alipofika kwa weusi akauliza, "Hawa ndani yao si wamebeba buluu, na kahawia, na..."

Hiltrud akamkanyaga mguu.

"Na nini, Bwana Twardy?" aliuliza Ewald.

Mzee alimtazama Hiltrud, akatazama kiatu chake. "Na... weusi safi," alisema. "Safi sana."

Ewald akaanza. Kila alipomshika mmoja wa buluu Hiltrud aliguna, "Jamani, hata huyo?", na Ewald akamtia kikapuni kwa furaha zaidi. Akamaliza buluu, akachukua kahawia wawili. Wa tatu alikuwa bibi kizee, jicho moja bovu, sikio limechanika. Ewald alimpita. Mkono wake ukamshika dume mweusi kwa ngozi ya shingo.

"Marlies anapenda nyama ya kuoka," alisema.

Hiltrud akacheka.

"Mungu akubariki, Ewald! Huyo fisi anakula kama farasi wawili. Niachie bibi kizee, nipumzike kubeba majani."

Ewald akasimama. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumpa mkewe kitu ambacho mkewe alimshukuru kwacho.

"Kumbe," alisema, akamrudisha dume kizimbani. "Farasi wako mlishe mwenyewe."

Akaondoka na bibi kizee.

Uzao wa kwanza ulikuwa saba: weusi watano, buluu mmoja, kahawia mmoja. Wa pili vivyo hivyo. Hiltrud alibeba majani, hakulala vizuri. Katika uzao wa tatu, manyoya yalipoanza kuota, alikitoa kitoto kimoja akakipeleka dirishani. Kijivu, chenye uwaridi. Akakaa chini palepale sakafuni, akalia, halafu akatukana, halafu akamwita Alfons.

Ewald alikuja wiki iliyofuata, bila kubisha.

"Huyo ni wangu. Damu yangu hiyo."

"Ulichagua mwenyewe, tena wa kwanza. Muulize Bwana Twardy."

Alizunguka kizimba mara mbili. Sauti ikalainika. "Hilde, ulifanyaje? Niambie tu. Sisi si maadui."

Hiltrud alimtazama mwanamume aliyekuwa ameambiwa tayari, mezani kwake, bure.

"Usimwambie mtu," alinong'ona. "Nilimgeuza mama yake aangalie njiwa wa jirani mchana kutwa akiwa na mimba. Anachokitazama ndicho anachozaa."

"Nilijua!" alisema Ewald. "Nilijua lazima kuna siri!"

Kaka yake Marlies ana njiwa sitini wa mashindano. Alfons anasema Ewald amehamishia vizimba vyote chini ya banda la njiwa hao, na kila asubuhi huwalisha sungura wake akiwa amejifunika mwavuli.