Sahani ya Mwimbaji

Nilisoma kidogo tu kwa masista, kwa hiyo sijui kama mambo haya yanaandikwa hivi. Ila watu wa Kasenga wamenisemea vya kutosha, sasa niseme mwenyewe.

Bwana yangu alikwenda machimboni mwaka wa uhuru, akaoa huko. Aliniachia redio ya betri na mashine ya kushona. Kila jioni mwimbaji mmoja wa Leopoldville alikuwa akiimba kwa Kilingala. Kilingala sikijui, lakini sauti ile iliingia nyumbani kama mtu aliyetoka kazini amechoka. Nikaanza kuijibu. Nikakata picha yake gazetini, nikaibandika ukutani. Halafu nikawa namwekea chakula, ugali na visamaki vya ndagala, nimekifunika, kama wafanyavyo wanawake wenye waume. Hata shati nilimshonea. Kwenye picha ameshika gitaa, basi nilikwenda baa kupima gitaa la mpiga muziki wa pale, nikakisia mabega ya yule wa pichani. Nilijua kwamba hanijui. Hilo nataka lieleweke.

Waasi walipouchukua mji, walitafuta askari wa serikali waliojificha majumbani. Jirani yangu akawaambia kwangu kuna mwanaume. Simlaumu sana. Alisikia maongezi kila jioni, aliona sahani mbili, na shati la kiume kwenye kamba. Hata mimi ningedhani hivyo.

Walikuja asubuhi, watatu. Walipekua chini ya kitanda, hata pipa la maji walilichungulia. Majirani wakajaa mlangoni.

"Mama, iko wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Nani?"

"Mwenye shati."

Nikamwonyesha ukuta.

"Huyu anakaa hapa?"

"Anakaa Leopoldville."

"Na anakula hapa Kasenga?"

"Hakuli. Nakula minye mwenyewe, asubuhi."

Mlangoni wakapasuka kwa kicheko. "Kumbe shemeji yetu iko mu redio!" yule jirani yangu akasema.

Mkubwa hakucheka. Alijua, nami nilijua, kwamba mwanamke aliyeficha askari alikuwa anapelekwa ufukoni na harudi. Akanisogelea, akasema polepole: "Mama, sema mbele ya hawa watu kama uko na wazimu. Mwenye wazimu hatumugusi."

Alitaka kuniokoa, lazima niseme haki yake. Neno moja tu. Lakini niliwatazama wale wa mlangoni, jinsi walivyolingojea hilo neno waende nalo sokoni, nikaona kwamba nitaitwa hivyo mpaka kufa.

"Wazimu sina," nikasema. "Niko peke yangu. Kama hiyo ni kosa, munipeleke."

Hadi leo sijui kama ulikuwa ushujaa au kiburi tu. Pengine kiburi. Lakini nikiulizwa tena, nitajibu vilevile.

Akanitazama, akaitazama picha, akawageukia wenzake. "Twendeni. Humu hamuna muntu."

Walikuwa wameshaanza kutoka. Mwenye akili angenyamaza.

"Muntu iko," nikamwambia mgongoni. "Niko minye."

Akasimama. Jirani yangu akajiziba mdomo kwa kanga.

"Haya, mama," akasema bila kugeuka, "muntu iko." Wakaingia nyumba iliyofuata.