Mgongo wa Matonya

Swalihu Mrisho hakumwamini mgonjwa kabla hajamwona akitembea. Alikuwa mkuu wa chumba cha mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Dodoma, na dirisha la chumba hicho lilitazama getini. Mtu hajafika hata mlangoni, Swalihu alikuwa ameshamhukumu.

Hakuwa hivyo zamani. Alibadilika miaka ile viwanda vya umma vilipoanza kuuzwa na wafanyakazi kupunguzwa. Ghafla kila mpakizi akawa anaumwa mgongo, maana aliyeumia kazini alipata fidia kubwa kuliko aliyepunguzwa tu. Mmoja wao, Eliakimu, alikuja kwa magongo miezi mingi. Swalihu akamtetea kwa madaktari na kwa mwajiri mpaka akalipwa. Muda si mrefu akamkuta harusini mtaa wa Nkuhungu, anacheza mpaka shati limelowa jasho. Waliokuwepo walicheka. Swalihu aliondoka bila kula.

Baadaye akaletewa Angelina, mwanafunzi wa fiziotherapia wa mwaka wa mwisho, amlee kazini. Alikuwa binti makini, mwenye mikono myepesi.

"Mdomo wa mgonjwa usikuchukue," Swalihu alimwambia. "Mtazame wakati hajui kama anatazamwa."

Angelina akajifunza. Kila asubuhi walisimama wawili dirishani, wakinong'ona. Yule anachechemea mguu wa kushoto, jana ulikuwa wa kulia. Yule amesahau kulalamika baada ya kumpita mlinzi.

Ndipo akaja Matonya, mpakizi wa kiwanda cha mafuta ya alizeti kilichokuwa kinauzwa. Mtu wa kijiji cha Hombolo, Kiswahili chake cha kutafuta maneno.

"Mgongo unauma usiku," alisema. "Mchana unauma kidogo."

Angelina alikwisha kumwona nje akicheka na mkewe, amempakata mtoto. Akamgeukia mwalimu wake. "Huyu ni wa fidia."

Swalihu alitabasamu. "Umeanza kuona." Hakuinuka kumgusa.

Angelina akampa Matonya mazoezi ya kuinama na kuinuka, akamwambia arudi kazini. Matonya aliwatazama wote wawili, akavaa taratibu shati alilokuwa amevua ili apimwe, akaondoka.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, alirudi akiwa ameegemea bega la mkewe, Emilia. Swalihu alimwona angali getini.

"Safari hii amekuja na shahidi," akasema.

Matonya alipoingia, Swalihu aliachia funguo zake zianguke sakafuni, kama bahati mbaya. "Hebu niokotee, ndugu yangu." Alitaka kumnasa akiinama.

Matonya hakuinama. Alishika paja, akachuchumaa polepole, mgongo umenyooka kama ubao, akaziokota kwa ncha za vidole. Kuinuka kukamshinda, Emilia akamvuta.

Swalihu akamsogelea Matonya. Akamvua shati, akashusha vidole kwenye uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine. Katikati kulikuwa na kinundu. Alipokigonga kidogo, Matonya aliruka.

"Miguu je?"

"Mizito. Kama si yangu."

Eksirei ikaonyesha kifua kikuu kilichokuwa kinakula mifupa ya mgongo. Matonya akalazwa chali, akaanzishiwa dawa za muda mrefu. Mazoezi yale ya kuinama yangeweza kumlemaza kabisa.

Angelina alilia stoo, kati ya magodoro. Swalihu akamfuata.

"Mwalimu, ulinifundisha wewe," alisema bila kuinua uso.

"Ni kweli. Nilikufundisha kushuku, sikukufundisha kupima. Twende kwake."

Wakasimama kando ya kitanda. Swalihu akaomba radhi kwa maneno machache, mbele ya Emilia na wagonjwa wa jirani.

Matonya alimsikiliza mpaka mwisho. "Mnanijaribu tena?" akauliza.



Tangu siku hiyo hakukubali mkono wa Swalihu. Alisema mzee yule akikugusa anatafuta uwongo. Angelina alimkubali kwa shida, kwa sababu alikuja kila siku, hata Jumapili baada ya kanisa, akamnyoosha miguu na kumwuliza habari za mbuzi wake. Kila alichofanya, Matonya alitaka aelezwe kwanza, na Emilia awepo.

Miezi ikapita. Daktari aliporuhusu, wakamsimamisha kati ya mabomba mawili ya kushikilia. Angelina mbele yake, Emilia nyuma. Swalihu alibaki mlangoni, akielekeza kwa sauti ya chini: mruhusu apumzike, usimvute, goti la kulia linalegea, lakini anaendelea vizuri.

Matonya akapeleka mguu mmoja, kisha wa pili. Akasimama, anahema.

"Sista, mzee anasema nini?"

"Anasema unaendelea vizuri."

Matonya akamtazama Swalihu pale mlangoni.

"Na wewe umeona hivyo?" akamwuliza Angelina.

"Nimeona."

Akapeleka mguu mwingine.