Fidla Iliyoota Moto

Wanaonialika siku hizi kueleza jinsi nilivyopiga fidla pamoja na watu wa ngoma, wa kaswida na wa taarabu hutaka nianze na safari za mbali. Mimi huanza hapa Songea, Jumamosi, tarehe 11 Julai 1992, kwa kuwa siku ile nusura yote yaishie palepale yalipoanzia.

Fidla haikuwa mali yangu. Ilikuwa ya mtawa mmoja wa Ulaya, aliyenifundisha kusoma noti katika miaka niliyokuwa nikipiga pasi mavazi ya altare. Aliporudi kwao mwaka 1984 aliiacha parokiani, nami nikawekwa kuitunza. Nilikuwa nimechelewa katika kila jambo. Elimu ya watu wazima niliimaliza nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na aliyenifikisha huko ni mume wangu, karani aliyeandika tarehe juu ya kila karatasi, hata ile ya kununulia chumvi. Alifariki tarehe 3 Machi 1989. Tangu hapo nilipiga fidla katika Misa ya kila Jumapili, nikifuata noti zilizoandikwa na watu waliokufa zamani, na sikukosea mara nyingi. Nasema hivyo bila kuona haya.

Mwaka 1992 wapiga lizombe wa Mjimwema, ambao ngoma yao ndiyo ngoma yetu sisi Wangoni, waliniomba tupige pamoja kwenye sherehe ya parokia. Tulifanya mazoezi majuma sita. Mwenyekiti wa parokia hakupendezwa. Alikuwa mfanyabiashara wa Majengo, mmoja wa wale waliofungua maduka ya redio na mitumba mara tu biashara ilipolegezwa, na alizoea kukagua mzigo kabla ya kuupokea.

"Nenda, mama," aliniambia. "Sikuzuii. Lakini Jumatatu nitalifungua hilo sanduku mwenyewe. Nikikuta fidla imeharibika, itafungiwa sakristia, nawe utaimba kwaya kama wenzako."

Sikuwa na fidla nyingine, wala mkoa mzima sikujua aliyekuwa nayo.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa na baridi na ukungu mzito, kama Julai zetu zilivyo. Ngozi za ngoma zilikuwa zimelegea. Kiongozi wa kikundi, mzee wa miaka sabini hivi, alikuwa amewasha moto wa mabua nyuma ya ukumbi, ngoma zote zimeuelekea. Nilimwamkia, nikaliweka sanduku juu ya benchi, nikaenda kuwasalimu mawifi zangu waliokuwa wanashuka kwenye lori. Sikukawia. Labda robo saa.

Niliporudi, sanduku lilikuwa wazi. Fidla ilikuwa imeegemezwa kwenye tofali, mbele ya ngoma zote, na mzee alikuwa akiigeuza taratibu kwa ncha za vidole, upande huu na upande huu, kama mtu anayechoma hindi asilotaka liungue.

"Baba," niliita.

"Nimeitanguliza yako," alisema. "Mgeni huota moto kwanza."

Alikuwa amenipa heshima ambayo hakuna mpigaji wake aliyewahi kupewa. Angejuaje kwamba fidla haiwambwi, bali imeunganishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, na gundi hiyo hulainika kwa joto? Niliichukua. Ubavuni mwa chini, mbao zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha ukucha. Niligusa uzi mmoja, ikakoroma.

Mke wake, aliyekuwa anafunga njuga miguuni, alicheka. "Kumbe kinalia. Siku zote unakibeba kama kichanga, nikadhani hata kunyonya hakijui."

Hakucheka tena alipouona uso wangu. Mzee aliinama akautazama ufa. Alielewa mara moja. Watu wa ngoma huujua mti unapofunguka.

"Ni mimi," alisema.

"Ni mimi niliyeiacha."

"Nipake nta?"

"Hapana, baba. Nta ikiingia humo, gundi haitashika tena milele."

Zilikuwa zimebaki dakika arobaini kabla ya zamu yetu. Nilichana ukanda wa khanga yangu, nikauzungusha kwenye mwili wa fidla, juu ya ufa, nikafunga fundo. Kisha nikalegeza nyuzi zote nne, kwa maana nyuzi zilizokazwa huvuta, na ufa ungeendelea kufunguka mbele ya watu. Sasa sauti yangu ilikuwa chini kabisa, na ngoma zilikuwa juu, zimekwisha kukazwa na moto. Tusingekutana popote.

Mzee alisikiliza uzi mmoja baada ya mwingine. Halafu akachovya kitambaa kwenye ndoo, akapangusa ngozi ya ngoma kubwa. Kijana wake mmoja alishtuka.

"Mzee, unailowesha?"

"Naishusha. Mama hawezi kupanda, sisi tutashuka. Leta na yako."

Walizilowesha zote, ngoma baada ya ngoma, wakigonga na kunitazama, mpaka nilipoitikia kwa kichwa. Wazee waliokuwa wakipita walisimama kushangaa.

Tulipiga dakika kumi na mbili. Sikumbuki nderemo; nakumbuka kidevu changu kikihisi ubao ukitetema mahali usipopaswa kutetema. Kila niliposhusha upinde nilingoja mlio wa mbao kupasuka. Fidla ilikoroma mfululizo, nami niliona aibu, hadi mzee aliponiegemea bila kuacha kupiga.

"Wapiga ngoma ya mganda kule Ziwani hubandika utando wa buibui kwenye vibuyu ili wapate mkoromo huo," alisema. "Wewe unaona haya ya nini?"

Niliukaza mkono, nikaiacha ikorome.

Jumatatu, tarehe 13 Julai, saa tatu asubuhi, mwenyekiti alifungua sanduku. Alilifungua fundo la khanga.

"Nani amefanya hivi?"

"Fidla ilikuwa chini ya uangalizi wangu."

"Sijauliza hilo, mama."

"Ndilo jibu nililo nalo."

Niliomba karatasi. Niliandika kwa mkono wangu hali niliyoikabidhi nayo, ubavu upi umeachana na kwa urefu gani, kwamba isiwekwe karibu na bati la paa lenye joto, nikatia tarehe na sahihi. Aliisoma mara mbili, kisha akalibeba sanduku hadi sakristia. Nilisikia kufuli.

Ilirudi kwangu tarehe 20 Februari 1993, baada ya fundi kupatikana kwa watawa wa mbali. Siku ile sikuyajua hayo.

Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, kofia magotini.

"Wameichukua?"

"Wameichukua."

"Umewaambia ni mimi?"

"Hapana."

Alivaa kofia, akainuka kwa taabu. "Mazoezi ni Alhamisi. Sehemu ya fidla unaijua kichwani?"

"Naijua."

"Basi utaiimba. Ngoma tutaziacha palepale chini."

Alhamisi, tarehe 16, nilikwenda.